Siku 19 wodini Zhumadian: uchambuzi wa kisa cha mume aliyeacha kuigiza

Oktoba 2015, katika mji wa Zhumadian, jimbo la Henan, China ya kati, mwanaume mmoja alimweleza mkewe kwamba yeye huvutiwa na wanaume, na kwamba anaomba waachane. Suala hilo halikuishia kwa wazee wala kwa wakili. Mke na jamaa walimpeleka hospitali ya magonjwa ya akili. Huko akalazwa bila ridhaa yake, akaandikiwa kuwa ana "ugonjwa wa mapendeleo ya kijinsia", akalazimishwa kumeza dawa na kuchomwa sindano. Siku 19 zilipita kabla hajatoka. Baadaye aliishtaki hospitali, na Juni 2017 mahakama ya hapo hapo mjini ikampa ushindi: hospitali imwombe radhi kwenye magazeti ya mji na imlipe fidia ya yuan 5,000, fedha ambazo wakati ule hazikufika dola 750 za Marekani. Vyombo vingi vya habari vilimtaja kwa jina la ukoo tu, Yu, nami nitaishia hapo.

Wanaochambua maisha ya wanaume wa China wanaopenda wanaume huwa na tatizo moja kubwa. Shinikizo la kuonekana "wa kawaida" linafanyika mezani, kwenye simu ya mama, chumbani, mahali ambako hakuna karani wa kuandika. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kisa cha Zhumadian ni tofauti kwa sababu kiliacha karatasi: kuna kulazwa, kuna jina la ugonjwa, kuna hukumu. Kwa mara moja tunaweza kuona mikono yote iliyokuwa imeshikilia ile sura ya mume, kwa kuwa siku ilipoanguka mikono yote ilinyoosha vidole.

Hoja yangu ni hii. Hospitali haikuitwa kutibu mvuto wa Yu. Mtu haamki asubuhi moja akiwa na moyo mpya. Mvuto ule ulikuwemo ndani ya ndoa, na maadamu ulikaa kimya hakuna aliyemkimbiza wodini. Kilichobadilika Oktoba ile ni kwamba aliacha kuigiza. Kwa waliomzunguka, ugonjwa ulianza siku aliposema kweli.

Ndoa inathibitisha nini

Mencius, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba katika makosa matatu ya mtoto kwa wazazi wake, kubwa kuliko yote ni kutoacha kizazi. Mzee wa kijijini Henan anaweza asijue sentensi nyingine yoyote ya Mencius, lakini hiyo anaijua. Mtoto wa kiume ndiye anayebeba jina la ukoo, ndiye anayefagia makaburi ya mababu kila Aprili wakati wa Qingming, na mwanawe ndiye atakayeyafagia baadaye. Kwa hiyo ndoa ya mwanaume haikuwa yake peke yake kamwe. Ni deni alilozaliwa nalo, na wanaomdai ni waliokufa na ambao hawajazaliwa bado.

Mtu akifikiri kwamba China ya kale ilikuwa inawachukia wanaume waliopendana, kuna kisa cha kumfanya afikiri tena. Mfalme Ai wa nasaba ya Han, aliyetawala kuanzia mwaka 7 hadi mwaka 1 kabla ya Kristo, alimpenda kijana aitwaye Dong Xian. Inasimuliwa kwamba siku moja Dong Xian alilala juu ya mkono wa joho la mfalme, na mfalme akaukata mkono huo wa joho ili asimwamshe. Kisa hicho kinajulikana sana. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba Dong Xian alikuwa na mke, na mke huyo aliruhusiwa kuishi naye ndani ya kasri. Moyo uliachiwa uende utakako, mradi nyumba ina mke na ukoo una mrithi. Ukikielewa kisa hicho unaielewa familia ya Yu vizuri zaidi kuliko ukisoma kitabu chochote cha magonjwa ya akili: familia ilidai nafasi ya mume isibaki tupu, basi.

Karne ya 20 iliongeza uzito. Tangu karibu mwaka 1980 hadi mwisho wa 2015 sera ya mtoto mmoja ilitawala uzazi wa Wachina, hasa mijini. Deni ambalo zamani liligawanywa kwa ndugu watano likamwangukia mmoja. Oktoba 2015, mwezi uleule ambao Yu aliwekwa wodini, Chama cha Kikomunisti kilitangaza kwamba sera hiyo inaondolewa. Lakini wanaume waliozaliwa ndani yake walikuwa tayari wamefika umri wa kuoa, na mahesabu ya wazazi wao yalikuwa yameshapigwa.

Ukitaka kuona hesabu hizo zikipigwa waziwazi, nenda Bustani ya Watu mjini Shanghai mwishoni mwa wiki. Wazazi wamekaa na karatasi zilizoandikwa umri wa mtoto, kimo, mshahara, kama ana nyumba. Mtoto mwenyewe mara nyingi hayupo, na wengine hata hawajui kwamba wamewekwa hapo. Ukitaka kuzisikia, subiri Mwaka Mpya wa Kichina, mamilioni ya watu wanaporudi makwao na shangazi mmoja baada ya mwingine anauliza swali lilelile: utaoa lini? Kijana anayevuka miaka 30 bila mke hana jibu linalokubalika. Akisema hana pesa, atatafutiwa. Akisema hajampata anayemfaa, ataletewa. Jibu la kweli ndilo pekee ambalo halina kiti kwenye meza ile.

Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2016 na Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, uliowafikia watu zaidi ya 28,000 nchini China, ulionyesha kwamba watu wanaovutiwa na jinsia yao, au wenye jinsia tofauti na waliyoandikiwa, walioweza kuzieleza familia zao hawakuzidi asilimia 15, na walioishi wazi kila mahali walikuwa kama asilimia 5. Miongoni mwa wale waliokuwa wameoa au kuolewa, asilimia 84.1 walikuwa wamefunga ndoa na mtu anayevutiwa na jinsia nyingine. Yu, basi, hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mwanaume wa kawaida kabisa wa hali yake. Alichofanya tofauti ni kufungua mdomo.

Asilimia nyingine 13.2 walikuwa kwenye kile ninachoweza kukiita ndoa ya geresha: mwanaume anayependa wanaume anamuoa mwanamke anayependa wanawake, wote wakijua, ili wazazi wa pande zote mbili watulie. Kuna tovuti zilizoanzishwa kuwakutanisha watu hao. Wanapanga nani atalipia karamu, watakwenda kwa wakwe mara ngapi, picha zitapigwa wapi. Siwalaumu hata kidogo. Angalau hakuna anayedanganywa ndani ya nyumba. Lakini geresha nayo ina mwisho wake, kwa kuwa baada ya harusi wazee huanza kuuliza mjukuu yuko wapi.

Kazi ya kila siku ya kuonekana mwanaume

Ndoa ni cheti tu. Chini yake kuna kazi nyingine isiyo na likizo: sauti isipande sana, mikono isizungumze sana, kicheko kiwe cha kiume, ukikaa ukae kwa kutanua. Wanasaikolojia walioshughulika na wanaume hawa nchini China wamerudi mara kwa mara kwenye jambo moja: kadiri mtu anavyoamini kwamba mwanaume halisi yuko wa aina moja tu, ndivyo anavyojidharau zaidi anapojiona yuko nje ya aina hiyo. Unyanyapaa unahama kutoka barabarani unakuja kukaa kifuani. Na kuficha nako kuna gharama ya mwili. Mtu anayejilinda kila sentensi hapumziki, na mwili usiopumzika hauchukui muda mrefu kuumia.

Linaloniuma zaidi katika jambo hili ni jinsi wanaolindwa na sura hiyo wanavyoilinda nao. Kwenye programu za simu ambako wanaume wa China wanatafutana, watu hujitambulisha kwa namba: 1 kwa anayechukua nafasi ya juu kitandani, 0 kwa anayechukua ya chini, na namba hizo hugeuka cheo cha uanaume hata nje ya chumba. Si ajabu kukuta mtu ameandika kwenye maelezo yake kwamba wanaume laini wasimsumbue. Sifa inayotafutwa ni ile ya kupita mtaani bila kugundulika. Mtu anafukuzwa na dunia kwa kutokuwa kidume vya kutosha, halafu anapokuta kibanda cha kujihifadhi anasimama mlangoni kuwafukuza wengine kwa kosa hilohilo. Ninaposoma maneno hayo simwoni mtu mwenye roho mbaya. Namwona mtu mwenye hofu kwamba akionekana na mwenzake laini, naye atajulikana.

Serikali imeongeza sauti yake katika miaka iliyofuata kesi ya Yu. Septemba 2018 kipindi cha televisheni cha kufungulia mwaka wa shule kiliwaleta vijana wa kundi la muziki waliojipodoa. Wazazi wakalalamika, na shirika la habari la Xinhua likaandika makala kali dhidi ya mtindo wa wanaume "wa kike". Januari 2021 Wizara ya Elimu, ikijibu pendekezo la mjumbe mmoja wa baraza la mashauriano aliyeogopa kwamba wavulana wanakuwa kama wasichana, iliahidi kuimarisha masomo ya michezo na kuwajenga wavulana katika hali ya kiume. Septemba mwaka huohuo mamlaka ya redio na televisheni iliviagiza vituo vikomeshe urembo huo kwenye skrini, na katika agizo lenyewe lilitumika neno la matusi ambalo wavulana hutupiana uwanjani. Mvulana anayetaniwa darasani sasa anajua kwamba wanaomtania wanasema kama serikali inavyosema.

Hofu hii ina mizizi mirefu. Mwishoni mwa enzi ya Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, nchi iliposhindwa vita baada ya vita, iliitwa "mgonjwa wa Asia", na tangu hapo mwili wa mwanaume umebeba aibu ya taifa. Mvulana mlegevu akawa dalili ya nchi legevu. Sikatai kwamba wavulana wanahitaji michezo. Ninachokataa ni mtoto wa miaka 12 kubebeshwa heshima ya jeshi.

Mke naye

Ni rahisi kumgeuza mke wa Yu kuwa mkosaji wa kisa hiki. Nadhani ni makosa ya uchambuzi, na pia si haki.

Nchini China wanawake walioolewa na wanaume wanaopenda wanaume wana jina lao maalumu na vikundi vyao vya kusaidiana. Zhang Beichuan, msomi wa Qingdao aliyelishughulikia suala hili kwa miaka mingi, amekadiria kwamba idadi yao inapita milioni 10. Juni 2012 mhadhiri mmoja wa Chuo Kikuu cha Sichuan alijiua baada ya kujua ukweli kuhusu mumewe. Wazazi wake walimshtaki mume kwa udanganyifu na mahakama ya Beijing ikawakatalia. Mwanamke wa namna hii amepoteza miaka, amejilaumu kitandani akidhani yeye ndiye mbaya, na akiachika jamii itamhesabu yeye kuwa mtumba.

Sasa mtazame mke wa Zhumadian siku ile. Mumewe amesema mambo mawili kwa pamoja: sikupendi kwa namna unayodhani, na naondoka. Mbele yake kuna maelezo mawili. La kwanza ni kwamba mume ni mzima na ndoa yake ilikuwa tupu tangu mwanzo. La pili ni kwamba mume anaumwa. Mgonjwa hutibiwa, hupona, hurudi nyumbani, na majirani huleta pole badala ya umbea. Ninavyosoma mimi, neno "ugonjwa" lilikuwa zawadi kwa kila mtu isipokuwa aliyepewa. Liliokoa uso wa ukoo, uso wa wakwe na miaka ya mke kwa mpigo mmoja. Hospitali ilipaswa kuliona hilo, na ililiuza.

Yaani shinikizo lililomfikisha Yu kwenye ndoa ndilo lililomwumiza mkewe. Aliyenufaika na ile sura kwa miaka yote hakuwa mume wala mke. Walikuwa ni watu wa pembeni waliotaka kula karamu na kuondoka.

Jina la ugonjwa

Hapa ndipo karatasi inapozungumza. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha China kilifuata mwaka 2001, katika toleo la tatu la mwongozo wake. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1997, kosa la "uhuni" ambalo lilitumika kuwafunga wanaume hawa lilikuwa limefutwa kwenye sheria ya jinai. Kwa hiyo mwaka 2015 Yu hakuwa mhalifu, na kwa kitabu cha madaktari wake mwenyewe hakuwa mgonjwa.

Lakini mwongozo wa 2001 uliacha mlango wa uani. Uliendelea kuhesabu kuwa mgonjwa mtu ambaye mvuto wake unamletea dhiki na anataka ubadilike. Orodha ya dunia nayo ilikuwa na kifungu kinachofanana na hicho, kikaondolewa kabisa katika toleo jipya lililoanza kutumika Januari 2022. Mantiki ya mlango huo ilikuwa mbaya tangu mwanzo: unamtesa mtu mpaka ateseke, kisha mateso yake yanakuwa ushahidi kwamba anaumwa.

Hata hivyo Yu hakupitishwa kwenye mlango huo. Hakwenda kuomba abadilishwe. Alikwenda kuomba talaka. Na jina aliloandikiwa, katika orodha ya dunia ya wakati ule, ni la kundi F65, linalohusu mambo kama kuwachungulia watu wakivua nguo au kujionyesha uchi hadharani. Mvuto kwa watu wa jinsia yako haumo humo. Kundi linalofuata, F66, linaanza kwa kusema wazi kwamba mwelekeo wa mapenzi peke yake usihesabiwe kuwa ugonjwa. Daktari anayeazima jina la jirani kwa sababu jina analolitaka limefutwa anafanya kazi ya familia, na familia ndiyo iliyokuwa imesimama kaunta.

Hospitali hiyo haikuwa peke yake. Novemba 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyojengwa juu ya mahojiano na watu 17 waliopitia matibabu ya kubadilishwa nchini China, na wengi walipelekwa na wazazi, si vichochoroni bali kwenye hospitali zinazotambulika. Desemba 2014, miaka miwili na nusu kabla ya hukumu ya Yu, mahakama ya wilaya ya Haidian mjini Beijing ilikuwa imeiamuru kliniki ya Chongqing kumlipa mwanaume aliyepigwa shoti ya umeme yuan 3,500, na ikasema kwamba mapenzi ya jinsia moja si ugonjwa wa akili, hivyo shoti ile haikuwa na sababu. Zhumadian hawakuweza kusema hawajasikia.

Mahakama iligusa nini

Sheria ya Afya ya Akili ya China ilianza kutumika Mei 2013, baada ya malalamiko ya miaka mingi kuhusu watu wazima na timamu kufungiwa hospitalini na ndugu, waajiri au polisi. Ibara ya 30 inasema kulazwa ni kwa hiari. Hiari inaondolewa pale tu mtu anapokuwa na ugonjwa mzito wa akili na, juu ya hapo, amejidhuru au yumo hatarini kujidhuru, ama amedhuru wengine au anahatarisha usalama wao. Masharti hayo lazima yakutane. Jamaa wa karibu wanaruhusiwa kumpeleka mtu apimwe, na kwa Wachina mwenzi wa ndoa ndiye wa kwanza katika orodha ya walezi wa mtu mzima asiyejiweza kisheria. Ruhusa hiyo ya kumpeleka ndiyo hospitali nyingi huigeuza kuwa ruhusa ya kumfungia.

Mahakama ya Zhumadian ilishika uzi huo tu. Ilisema kwamba kumlaza Yu kwa nguvu, bila yeye kuonyesha hatari kwake au kwa wengine, kulivunja haki yake ya uhuru. Ikaishia hapo. Kama kupenda wanaume ni ugonjwa au si ugonjwa, kama vile vidonge vilikuwa na maana yoyote, mahakama haikugusa.

Wapo walioiona hukumu hiyo kuwa dhaifu, hasa wakiilinganisha na ya Haidian. Mimi naiona kuwa na nguvu ya aina nyingine. Hakimu wa mji usiovuma, katika jimbo ambalo si Beijing wala Shanghai, hakulazimika kukubali lolote kuhusu wanaume wanaopendana ili aone kwamba mtu alifungwa bila kosa. Kwa maelfu ya wanaume ambao familia zao hazitawahi kukubali, msingi huo unawafaa: huna haja ya kueleweka ili uwe huru kutoka nje. Lakini gharama yake nayo iko wazi. Kama Yu angesaini mwenyewe fomu ya kulazwa, kwa machozi ya mama yake, hukumu hii isingemsaidia. Na wengi husaini. Wengi huingia kwa miguu yao, wakiamini wanakwenda kulipa lile deni.

Aliyemhoji angefanya nini

Kwa wale wanaofanya kazi ya ushauri nasaha, kisa hiki kina fundisho la kazi ambalo halihitaji siasa yoyote.

La kwanza ni kumwona mtu peke yake. Ndugu wanapomleta mtu mzima wakizungumza kwa niaba yake, anayestahili kusikilizwa kwanza ni aliyenyamaza. Swali la kuanzia ni jepesi: wewe unataka nini? Yu alikuwa na jibu tayari, alitaka talaka. Talaka ni shauri la ofisi ya usajili wa ndoa au mahakama, na mwaka 2015 wanandoa waliokubaliana waliweza kuimaliza bila hata zile siku 30 za kusubiri zilizokuja na Kanuni ya Sheria za Kiraia mwaka 2021.

Pili ni kupima hatari bila kuichanganya na aibu. Mwanaume aliyefichuka ndani ya familia anaweza kweli kuwa hatarini kujiua, na hilo lazima liulizwe moja kwa moja. Lakini chanzo cha hatari hiyo kimesimama nje ya mlango wa chumba cha daktari, na dawa ya usingizi haikitoi.

Mke alihitaji mshauri wake, tofauti na wa mume. Alikuwa na maswali halisi kuhusu nyumba, jina, pengine uzazi, na afya yake. Kumpa "mume wako anaumwa" kulimnyima nafasi ya kuhuzunika na kupanga. Wazazi nao wanafikika. Kuanzia mwaka 2008 kumekuwa na mtandao wa wazazi wa Kichina wenye watoto wanaovutiwa na jinsia yao, ulioanzia Guangzhou, ambako mama mmoja humweleza mama mwingine yaliyomkuta. Sauti ya mzazi mwenzio hufika mahali ambapo ya daktari haifiki, kwa sababu yeye pia alitaka mjukuu.

Wala nisingemsukuma kila mtu aseme. Ipo tabia ya kudhani kwamba afya ni kujitangaza. Mwanaume wa Henan anayetegemea shamba la baba au kazi aliyotafutiwa na mjomba ana sababu za kweli za kunyamaza, na mshauri anayemharakisha hatakuwepo siku watakapomfungia. Kupanga mapema, kujua nani wa kumpigia simu, kuwa na pesa kidogo na mahali pa kulala, hayo ni matibabu zaidi ya yote waliyompa Yu katika zile siku 19.

Baada yake

Njia aliyopita Yu imekuwa nyembamba. Shanghai Pride, tamasha la kila mwaka la watu hawa, ilisitisha shughuli zake mwaka 2020. Julai 2021 akaunti za vikundi vyao vya wanafunzi vyuoni zilifutwa kwenye mtandao wa WeChat, na Novemba mwaka huo kikundi kilichokuwa kikisimamia kesi za kimkakati za watu hawa kikafungwa. Mei 2023 ilikuwa zamu ya kituo chao kikongwe cha Beijing. Mtu akifungiwa leo, wa kumtafutia wakili ni wachache.

Hata hivyo mwaka 2024, mahakama ya wilaya ya Changli katika jimbo la Hebei ilishughulikia kesi ya mtu aliyezaliwa na kulelewa kama mwanaume, anayeishi kama mwanamke. Wazazi wake walimlaza hospitali ya akili ya Qinhuangdao mwaka 2022, akakaa siku 97, akapigwa shoti ya umeme mara saba. Mahakama iliidhinisha makubaliano ya hospitali kumlipa yuan 60,000, mara 12 ya fidia ya Yu. China bado haina sheria inayokataza matibabu ya kubadilisha mwelekeo wa mtu, na hospitali inayoshtakiwa hulipa kwa mgonjwa mmoja mmoja, pale tu mgonjwa huyo anapopata nguvu ya kusimama mbele ya hakimu na kusema alichofanyiwa na kwa sababu gani. Zhumadian aliyesimama kizimbani ilikuwa hospitali pekee. Mke na jamaa waliompeleka hawakuwa upande wowote wa kesi, na kwa namna sheria ilivyo, watakaompeleka mwingine kesho hawatakuwa pia.